Barafu Nisiyoibeba

Siku jina la Dafroza lilipotolewa kwenye ndoo ya bahati nasibu, wenzake wa shifti ya asubuhi walimpigia makofi bila kuvua glavu, na makofi yale yakasikika kama mtu anayepiga mto wa kulalia. Ghala lilikuwa linatoa zawadi kwa mfanyakazi mmoja kati ya wale waliotimiza miaka kumi. Mwaka ule zawadi ilikuwa tiketi mbili: safari ya wiki moja kwa meli ndogo huko Alaska, kwenda kutazama mito ya barafu inavyokatika na kuporomoka baharini.

Mama wa ofisi ya wafanyakazi alimwita, akamkaribisha kiti, akamwambia kwa upole kwamba halazimiki kuichukua safari yenyewe.

"Watu wa kwenu waliowahi kushinda wote walibadilisha," alisema. "Wawili walichukua televisheni kubwa. Mmoja alichukua jiko."

"Televisheni ninayo," Dafroza akajibu.

"Kule ni baridi sana."

Dafroza alijitazama. Alikuwa bado amevaa koti zito la kazini, na ukungu wa baridi ulikuwa haujayeyuka kwenye kola. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepanga makasha ya kuku na mboga za kugandishwa katika chumba kinachokausha hata kope.

"Mimi nafanya kazi wapi?" aliuliza.

Mama wa ofisi akaivuta fomu, akaanza kuandika.

Ukitaka kumwelewa Dafroza, ujue safari alizokwisha kusafiri. Akiwa na miaka kumi na sita alivuka kutoka Burundi kuingia Tanzania na sufuria kichwani, kwa sababu watu wenye bunduki walikuwa wameamua hivyo. Aliishi kambini Kasulu mpaka akaolewa na Revokatus, kijana mpole aliyefundisha watoto hesabu chini ya turubai. Kisha watu wa mashirika wakaja na orodha zao. Orodha moja ikasema Dafroza na mumewe waende Buffalo, Marekani. Nyingine ikampeleka dada yake Revokatus, aitwaye Florida, mji wa Columbus. Ya tatu ikampeleka Anicet, kaka mkubwa, Louisville pamoja na mama yao mzazi, Kabanyana. Kila mmoja alining'iniziwa kifuani mfuko wa plastiki wenye karatasi zake, kama mzigo wenye anwani. Katika safari zote hizo hakuna hata moja ambayo Dafroza aliikatia shauri mwenyewe, na hakuna iliyokuwa na tiketi ya kurudi.

Revokatus alifariki kwa ugonjwa wa figo miaka mitatu iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo Anicet aliona ni wajibu wake kumwongoza mjane wa mdogo wake, naye aliongoza kwa simu: aende kanisa lipi, ahame upande ule wa mashariki, asionekane akipanda gari la mwanamume. Dafroza alikuwa akiitikia "ndiyo, shemeji," kisha anafanya alivyoona inafaa, na mambo yalikwenda hivyo bila kelele.

Safari ya meli ndiyo iliyoleta kelele. Florida, mjane mwenzake, ambaye Dafroza alikuwa amempa tiketi ya pili, hakuweza kuficha furaha yake, akaitaja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Jioni ile ile Anicet alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Aliutumia wote kueleza kwamba meli za starehe ni mabwawa ya ulevi, kwamba wajane wawili hawana biashara baharini, na kwamba ukoo utakutana Jumamosi nyumbani kwa Florida, Whitehall, kitongoji cha Columbus, kwa kuwa ni katikati.

Dafroza aliendesha saa tano kutoka Buffalo, mvua ya Mei ikimpiga kioo njia nzima. Alipofika aliwakuta wameshakaa. Anicet, mwili mkubwa, macho mekundu ya mtu aliyetoka shifti ya usiku kiwandani, alikuwa kwenye kochi. Florida alikuwa akipita na chai bila kumtazama mtu. Kabanyana alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, na mapajani amempakata mjukuu wa kike aliyekuwa akitazama katuni kwenye simu. Miaka sabini na sita alikuwa nayo, na tangu afike Louisville alikuwa amelea watoto sita wa Anicet, mmoja baada ya mwingine.

"Shemeji," Anicet alianza, "theluji ya Buffalo haikutoshi? Barafu ya kazini haikutoshi? Mpaka ukaitafute nyingine upande wa pili wa dunia?"

"Ile ya kazini naibeba," Dafroza alisema. "Nataka nikaone ambayo siibebi."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema Dafroza amekwenda kuona barafu. Na ni kweli."

Anicet alishusha pumzi, akamgeukia dada yake. "Na wewe unakwenda?"

Florida aliiweka chupa ya chai mezani. Walikuwa wamezungumza habari ya safari hiyo kila Jumapili kwa wiki sita. Florida alikuwa tayari na koti, viatu, na kofia ya sufi.

"Sijui," Florida alisema. "Kama kaka hujaridhika... mimi siendi."

Dafroza hakumkasirikia. Alikwisha kuambiwa namna sauti ya Anicet ilivyofanana na ya marehemu baba yao. Lakini alifungua kinywa aseme kwamba basi atakwenda peke yake, hata kiti cha pili kikikaa kitupu.

"Basi nitakwenda mimi," akasema Kabanyana.

Alisema bila kuinua macho, huku akimfunga mtoto kamba ya kiatu. Anicet akacheka. Alipoona mama yake hacheki, akaacha.

"Mama, na miguu hiyo mibovu?"

"Ndiyo. Ndiyo ya kwendea."

"Na watoto? Shule zinafungwa Juni. Mimi niko shifti ya usiku, mke wangu asubuhi. Nani atawaangalia?"

"Wiki moja," Kabanyana alisema. "Nimewaangalia miaka kumi na mitano. Wiki moja muwaangalie nyinyi."

Anicet akakaa wima. "Haiwezekani. Hapandi mtu ndege bila kitambulisho, na kadi yako ya ukaazi ninayo mimi kwenye sanduku."

Bibi kizee akamteremsha mjukuu chini. Akapitisha mkono ndani ya blauzi, akatoa bahasha iliyokunjwa mara mbili, akaiweka kwenye paja lake mahali ambapo mtoto alikuwa amekaa.

"Niliitoa kwenye sanduku asubuhi, ulipokuwa unaoga," alisema. "Kadi ina picha yangu. Kwa nini ikae kwako?"

*

Walisafiri Julai. Anicet hakuwapeleka wala hakuwaaga. Florida ndiye aliyewafikisha uwanja wa ndege wa Columbus, akamvisha mama yake lile koti alilojinunulia mwenyewe, na wakati wa kumfunga zipu alikuwa analia. Kabanyana alikataa kiti cha magurudumu alicholetewa na mhudumu. Alitembea kwa kuburuza mguu wa kushoto mpaka mlangoni pa ndege, akisimama kila baada ya hatua ishirini, akiwatazama waliokuwa wanampita.

Meli yenyewe ilikuwa ndogo kweli, ya abiria sitini tu. Wengi walikuwa wazee wastaafu, wake kwa waume, wenye darubini shingoni. Walikuwa watu wema. Siku ya kwanza, bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe alimuuliza Dafroza wanatoka wapi.

"Buffalo."

"Nauliza, kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo tulikuwa uwanja wa ndege wa Columbus."

Bwana yule akacheka, naye Dafroza akacheka kidogo, na mambo yakaishia hapo. Hakuwa amekuja kuwasimulia watu vita. Watu wa ofisi, watu wa kanisa, wanafunzi wa chuo wenye vinasa sauti, wote walikwisha kumsikiliza. Wiki hii ilikuwa yake.

Siku ya tatu asubuhi meli iliingia katika mkono mwembamba wa bahari, milima imesimama wima pande zote mbili, maporomoko ya maji yakiteremka kama nyuzi. Vipande vya barafu vilianza kupita, vingine vidogo kama sahani, vingine vikubwa kuliko gari. Juu ya kimoja sili, yule mnyama wa bahari za baridi, alikuwa amelala na mtoto wake. Kisha meli ikakata kona, na mto wa barafu ukawa mbele yao.

Dafroza alikuwa ameona picha. Picha hazikumwandaa. Ulikuwa ukuta kutoka mlima hadi mlima, mrefu kuliko jengo lolote la Buffalo, umepasukapasuka, mchafu juu kwa vumbi la mawe, lakini ndani ya nyufa ulikuwa na rangi ya buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe. Baridi yake ilikuja usoni kabla meli haijasimama. Alitambua kwamba hii haikuwa baridi ya kazini. Ya kazini ilikuwa na harufu ya maboksi na mafuta ya mashine. Hii haikuwa na harufu kabisa.

Alikuwa anageuka kumwambia mama mkwe wake jambo hilo, ndipo barafu ilipolia.

Mlio ulikuwa wa bunduki. Haukufanana tu na bunduki. Kwa mwili wa Dafroza ulikuwa ndio wenyewe, ule mkavu, usio na mwangwi mwanzoni, halafu milima ikaurudisha. Kabla hajafikiri, alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani. Kabanyana alikuwa amelala kifudifudi kwenye mbao za sitaha, shavu chini, kama alivyolala mara mbili ujanani mwake, mara ya kwanza akiwa bibi harusi wa mwaka mmoja na mara ya pili akiwa mama wa watoto watatu.

Halafu Dafroza akasikia makofi.

Abiria walikuwa wanaishangilia barafu. Kipande kilikuwa kimekatika na kutumbukia majini, nao walikuwa wamekinasa kwenye kamera. Mwanamke mmoja mwenye koti jekundu alikuwa wa kwanza kuwaona, akainama, akauliza kama wameteleza. Wengine wakageuka. Dafroza alihisi joto la aibu likimpanda masikioni, na nyuma ya aibu ile ikaja hasira, maana hawakuteleza, na hakuwa na maneno ya kueleza walichofanya.

"Nani amepiga?" Kabanyana aliuliza kutoka chini.

"Hakuna, mama. Ni barafu imekatika."

"Nyuma yake hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Kabanyana alifikiri. "Itapiga tena?"

Dafroza alimuuliza yule binti kiongozi aliyekuwa amekuja mbio. Akasema ndiyo, itapiga siku nzima, na kama bibi anaogopa, ndani kuna chai na madirisha makubwa.

"Anasema twende ndani," Dafroza alitafsiri.

"Mwambie anisaidie kusimama. Ndani sikuja kuona."

Wakamwinua, mmoja kila upande. Kabanyana akashika chuma cha ukingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika kifundo cha mkono wa Dafroza. Wakangoja. Dakika tano, labda kumi. Mlio wa pili ulipokuja, Dafroza alianza kuchuchumaa, lakini vidole vya bibi kizee vilikuwa vimembana hadi mfupani.

"Simama," Kabanyana alisema.

Akasimama.

"Mimi nimelalia tumbo kwa mlio huu tangu nikiwa msichana. Nimelala kwenye matope na mtoto tumboni. Leo hakuna cha kunilaza."

Mlio wa tatu Dafroza alifumba macho, lakini hakuinama. Wa nne aliufungulia macho. Kufika wa sita alikuwa ameanza kuona kilichotokea kabla ya sauti: kwanza vumbi jeupe linaruka, kisha nguzo ya barafu inajitenga taratibu, bila haraka, kama mtu anayeinuka kwenye kiti, inakwenda chini, na ndipo mlio unafika, umechelewa. Kumbe sauti ilikuja jambo likiwa limekwisha. Ilikuwa inawaogopesha kwa kitu ambacho tayari kilikuwa majini. Alimweleza mama mkwe wake. Kabanyana akatikisa kichwa kwamba ameshaona.

Alasiri zilishushwa boti za mpira za kuwasogeza abiria karibu zaidi. Binti kiongozi alimtazama Kabanyana, akamtazama Dafroza, akasema kwa adabu kwamba boti hurushwarushwa na wimbi na kwamba wazee wengine wamechagua kubaki.

"Mwambie nilivuka mto Malagarasi kwa mtumbwi uliotoboka, tukiyateka maji kwa viatu," Kabanyana alisema. "Mwambie hii yao ni nzima, nimeikagua."

Dafroza alitafsiri neno kwa neno. Binti akamvalisha bibi kizee jaketi la kuokolea, akamkaza mikanda, akamketisha mbele kabisa.

Walisimama mbali kiasi alichosema ni salama, injini ikaguruma kidogo kidogo. Kutoka chini kule ukuta ulikuwa umekula nusu ya mbingu. Vipande vilivyoelea pembeni vilitoa sauti ya kuchachatika, mfano wa mafuta ya kukaangia, kwa hewa iliyokuwa imefungiwa ndani. Binti alieleza kwamba kwa lugha yao barafu ikikatika namna hii husemwa imezaa, kama ng'ombe.

Kabanyana, aliyechunga ng'ombe wa baba yake mpaka akaolewa, hakukubali. "Ng'ombe akizaa hapigi kelele kiasi hiki. Wamekosea neno."

Ndipo upande mzima wa kushoto ukaanguka. Hakikuwa kipande, ilikuwa kama mtaa. Uliinama mbele kimya kimya, buluu ya ndani ikafunuka, ikashuka, na maji yakapanda mahali pake kama ukuta mwingine mweupe. Mlio ulipowafikia uliwapitia tumboni. Nyuma ya Dafroza mtu alitaja jina la Mungu. Binti akageuza pua ya boti ielekee wimbi, akawaambia washike kamba.

Dafroza alishika kamba kwa mkono mmoja na jaketi la mama mkwe wake kwa mwingine. Wimbi likaja, pana na laini, likawainua mpaka akaona juu ya barafu zote zilizoelea, likawashusha, likawainua tena. Kabanyana alikuwa ameketi wima, maji ya chumvi usoni, kidevu juu.

"Anguka," alikuwa anauambia ule ukuta, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani. "Anguka yote. Mimi nipo."

Dafroza alijikuta anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

*

Siku walipotua Columbus, Anicet alikuwa anawangoja Whitehall. Alikuwa ameendesha kutoka Louisville bila kulala. Simu ya Dafroza iliponasa mtandao tena ilikuwa na jumbe zake arobaini na moja, na katika mojawapo alisema kanisa zima limejulishwa kwamba mke wa marehemu ameondoka na mama wa watu.

Hakumsalimu Dafroza. Alimtazama mama yake juu hadi chini, kana kwamba anatafuta mahali palipovunjika.

"Twende nyumbani, mama," alisema.

Kabanyana alikuwa ameketi kwenye kochi safari hii, miguu juu ya kigoda alichomletea Florida. "Nyumbani nitakuja Krismasi, kuwaona watoto. Sasa nakwenda Buffalo."

"Buffalo kufanya nini?"

"Kukaa. Dafroza ana chumba, na hakuna anayelia ndani yake. Nataka nilale mpaka nichoke kulala. Halafu kuna darasa la Kiingereza kwa watu wazima, ameniambia. Kule melini walikuwa wanazungumza nami siku nzima, na mimi natabasamu tu kama mjinga."

Anicet alimgeukia Dafroza. "Hili umelipanga wewe."

"Sikulipanga, shemeji," Dafroza alisema. "Aliniambia ndani ya ndege. Lakini kama angeniuliza mapema, ningelipanga."

"Wewe huna aibu."

"Sina. Nilikuwa nayo, nimeichoka."

Anicet akapiga meza kiganja, vikombe vikaruka. Mtu yeyote katika ukoo ule angenyamaza hapo. Dafroza aliusikia mlio, akausubiri upite. Hakuhamisha macho.

"Nilidhani atafia kule," Anicet alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wiki nzima sijui yuko wapi. Angekufa, ningemfuata wapi? Nisingejua hata kituo cha kushuka. Baba tulimwacha porini bila kaburi. Na yeye pia?"

Hakuna aliyetegemea hilo. Kabanyana alishusha miguu, akamwachia mwanawe nafasi kwenye kochi.

"Njoo ukae," alimwambia. Akaja, akakaa, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, magoti yamebanwa na meza. Mama yake akamshika mkono. "Sikufa. Na siku nikifa, utaambiwa. Lakini siwezi kukaa kwenye kiti cha plastiki nikingoja siku hiyo ili wewe ujue nilipo."

"Na watoto?"

"Wana baba. Wana mama. Mkubwa ana miaka kumi na saba na anajua kupika wali, nilimfundisha."

Florida, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda wote, akasema, "Kaka, mwache aende." Ilitoka kwa sauti ndogo. Akakohoa, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Mwache. Na mwakani, ikitokea nafasi, mimi naenda. Sitauliza mtu."

Anicet aliimaliza chai yake, akanyanyuka, akachukua yeye mwenyewe mkoba wa mama yake, akautoa nje, akaupakia kwenye buti la gari la Dafroza. Akazunguka, akayapiga matairi teke moja moja, akachungulia la nyuma upande wa kulia.

Walipokuwa wameshafunga mikanda akagonga dirisha. Dafroza akateremsha kioo.

"Hili la nyuma halina upepo," alisema, akitazama barabara. "Pita pale kituoni kwanza, kabla hujaingia barabara kuu."

"Nitapita."

Hakuomba radhi, naye hakuombwa. Alirudi nyuma hatua mbili kuwapisha. Dafroza alitoka taratibu kwenye maegesho ya zile apatimenti, akaingia Mtaa wa Broad, akasimama kituo cha mafuta, akateremka kujaza upepo. Kabanyana naye akateremka, kwa taabu, akishika mlango, akaja kusimama karibu yake na kuuliza hiyo saa ya upepo inasomwaje, maana alitaka kujua.